Cherehani ya mkono ya bibi, Butterfly ya mguu au ya umeme? Nataka nijifunze kushona nyumbani, nipo Kigoma

BintiGungu
Habari za jioni wadau. Nipo Kigoma mjini huku Gungu, naombeni ushauri ila msinicheke. Mwezi wa 12 nilipeleka kitenge kwa fundi, kitenge kizuri cha yadi 6 nimepewa na wifi yangu, nikaambiwa njoo Ijumaa, Ijumaa nikaambiwa umeme ulikatika, Jumatatu nikaambiwa kimebaki kupiga ovaloku tu (kufunga nyuzi za pembeni), yani harusi ikapita nikavaa gauni la mwaka juzi. Gauni la kitenge lilipokuja kuisha linabana kwapa, halafu wiki ya pili namuona mtoto wake anakwenda dukani na sketi ya kitenge kile kile. Nikasema basi, najifunza mwenyewe.

Sitaki kufungua ofisi. Nataka mashuka, mapazia, sare za watoto na madera ya kushindia nyumbani. Njia nilizonazo, kwanza bibi yangu wa Ujiji ana Singer ya mkono ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, ipo kwenye boksi lake la mbao, haijashona miaka mingi ila anasema chukua. Pili Butterfly ya mguu, nimeulizia mjini hapa naambiwa laki 3 na kidogo pamoja na meza. Tatu ile nyeupe ya umeme ya kubebeka, ina mishono kibao mpaka ya maua, bei yake karibu mara mbili ya hiyo Butterfly. Na kujifunza je, nikakae kwa fundi au YouTube inatosha?

DagaaMkavu
Mimi nakushauri njia ya nne, achana nayo dada. Sikatishi tamaa, nimepita huko. Nilinunua kitambaa, nikaangalia video usiku kucha, dada wa kwenye simu anakata kama anakata mkate. Kesho yake nikakunja kitenge mara mbili, nataka shingo ya inchi 6, nikapima inchi 6 kuanzia kwenye kunjo nikakata. Kukunjua, inchi 12! Kichwa kilipita, mabega yakapita, gauni likashuka lote mpaka kiunoni likageuka sketi. Na shingo huwezi kupunguza ukishakata, unaongeza tu. Tangu siku hiyo mpaka leo nanunua mtumba Mwanga, Kigoma, gauni limeshonwa na kiwanda, zipu imenyooka, bei haifiki hata ya hicho kitambaa. Mashuka yenyewe yanauzwa tayari.

MzeeWaUzi
Mwangaluka. Niko Tabora, Ng'ambo, nimeshona kwenye baraza toka ujana wangu na sasa macho yamechoka, nashona vya wajukuu tu.

Binti, kwa hizo kazi ulizotaja Butterfly ya mguu ndiyo mashine yako. Imetengenezwa kwa kufuata Singer namba 15, kwa hiyo sindano, kete (ya uzi wa chini) na vipuri vyake utavipata kila mji wenye fundi, hata huko kwenu. Inashona moja kwa moja tu, haina maua, lakini inakwenda mbele na inarudi nyuma kufunga uzi, na pazia refu unalishona mikono yote miwili iko juu ya kitambaa. Ile ya mkono, mkono wa kulia unazungusha, unabaki na mmoja wa kuongoza. Mapazia yatakutesa.

Ukiipata usikimbilie kitambaa. Toa uzi, weka karatasi ya daftari yenye mistari, ushone juu ya mstari mpaka matobo yakae juu ya mstari. Miguu yote miwili kwenye pedali, mmoja mbele kidogo. Anza kwa kuzungusha gurudumu la juu kwa mkono likija upande wako, ndipo mguu ufuate. Likizunguka kinyume uzi unajisokota chini na kukatika, na hapo ndipo wengi wanasema mashine mbovu. Mashine si mbovu. Mguu ndio haujajua.

MamaMapazia
Shikamoo mzee. Naomba nipingane na wewe kidogo kwa adabu 😊 mimi nipo Kasulu na ninatumia ya umeme mwaka wa tatu huu na sirudi nyuma. Mzee ameisahau zigizaga, ule mshono wa kwenda huku na huku. Kitambaa kikikatwa pembeni kinafumuka nyuzi, na ya mguu haina dawa ya hilo, unashona halafu unabeba nguo zako unapeleka kwa mwenye ovaloku, kule kule ulikokuwa unamkimbia! Mimi napiga zigizaga pembeni, nimemaliza. Tobo la kifungo mashine inashona yenyewe, la mkono, moja tu linanichukua nusu saa na bado linakaa kama jicho lenye usingizi.

Ubaya wake nao nisiufiche. Umeme ukikatika unakaa unaangaliana nayo. Jinzi nene, pale pindo linapokutana na mshono zinakuwa tabaka nyingi, inanguruma tu na sindano inakatika, mpaka nizungushe kwa mkono taratibu. Na hayo maua dada, nilitumia siku mbili za kwanza nikapamba kitambaa cha meza, sijayagusa tena. Usilipie maua.

Ila usije ukadanganyika na zile ndogo sana za plastiki za betri, hiyo ni midoli.

KijanaIsevya
Mzee Marahaba yako inakuja lini, dada kakuamkia 😂

Mi mwanaume nashona, na sikusomea chuo. Suala la wapi ujifunze, nimefanya yote mawili. Simu inakuonyesha jinsi, haikuonyeshi ulipokosea. Niliwahi kushona suruali kwa kufuata video, nikakata miguu miwili mmoja mmoja bila kugeuza kitambaa, nikapata miguu miwili yote ya kushoto. Nilikaa nazigeuza chini juu nusu saa natafuta wa kulia. Fundi angenipiga na futi kamba kabla sijashika mkasi.

Basi nikaenda kukaa kwa jirani, mama mmoja. Mwezi wa kwanza alinipa kufumua tu. Kufumua na wembe, kufagia vipande, kupiga pasi. Nilikasirika lakini nikija kufikiria, kwa kufumua ndo nilijua nguo inaanzia wapi, mabega kwanza, halafu kola, halafu mkono, ubavu mwisho. Na pasi! Kila mshono anapiga pasi ndo anashona unaofuata. Nguo ya nyumbani ikionekana ya nyumbani mara nyingi ni pasi haikupita.

Ovaloku sio lazima pia mama. Shona ubavu kwanza ndani kwa ndani, mshono utokee nje, punguza pembeni, geuza, shona tena kwa upande wa ndani, nyuzi zote zinabaki zimefungiwa. Foronya na sare za shule zinadumu mno hivyo.

MzeeWaUzi
Marahaba, marahaba mwanangu, nilikuwa nakunywa uji. Zigizaga nakubali. Tobo la kifungo sikubali, la mkono ndilo zuri.

DagaaMkavu
Mnaona? Mwezi mzima kufumua. Mimi na mtumba wangu.

Liputa_wa_Mwanga
Kwa vitenge naomba niongee mimi maana nimejifunza kwa mama wa Kikongo na huyo hachezi na liputa, ndivyo wanavyoita kitenge. Kitu cha kwanza loweka kitenge, kausha, pasi, ndo ukate, kisije kupungua ukishavaa. Cha pili angalia picha iliyomo. Nilishona kitenge cha ndege, mbele ndege wamesimama vizuri, mgongoni wote vichwa chini, nikaenda nalo kanisani bila kujua, mtoto wa nyuma yangu ndo akaanza kucheka. Mchoro wenye kichwa na miguu nunua zaidi kidogo maana huwezi kugeuza vipande ili vienee. Sindano namba 14 kwa kitenge inatosha, 16 kwa jinzi, na ile ya shifoni, kitambaa chepesi, ni nyembamba 9 au 11, ukichanganya unalaumu mashine. Ibadilishe kabla haijawa butu.

BintiGungu hiyo Singer ya bibi kete yake ya duara au ndefu? Jibu hilo kwanza kabla ya kununua chochote.

BintiGungu
Asanteni jamani sikutegemea. Leo nimetoka Ujiji. Nimevuta kile kibati cha juu, kuna kitu kirefu chenye ncha mbele kama mtumbwi, ndani yake kuna kijiti cha uzi chembamba chenye vichwa viwili, kimepinda. Kigurudumu cha kuzungushia uzi kina kichuma kama kopa. Bibi anasema alikuwa anaipaka mawese 🙈 ndo maana imekaza.

MzeeWaUzi
Mawese! Basi ndiyo yameganda, hayo hukauka yakawa gundi. Mashine haijafa.

Hiyo ni ya kete ya mtumbwi, zile za familia ya namba 28 na 128. Hicho kikopa ndicho kinachopeleka uzi huku na huku ujipange sawa. Sindano zake ni hizi hizi za kawaida za nyumbani, usihangaike. Shida yake ni hicho kijiti na huo mtumbwi, madukani hakuna, na cha duara hakiingii. Haina kurudi nyuma pia, ukifika mwisho unageuza kitambaa au unafunga uzi kwa mkono.

Fanya hivi. Dondoshea mafuta ya taa kila tundu na kila panapozunguka, uiache usiku, asubuhi izungushe, futa uchafu, rudia mpaka iwe nyepesi. Ikishakauka weka oili ya cherehani, tone tone. Usisugue maua ya dhahabu, yataondoka. Kishikio unakisukuma kwenda mbele, gurudumu lenyewe ndilo linarudi kwako. Jifunzie hiyo, ni ya polepole, si rahisi ikuchome kidole. Hela ya Butterfly iweke kwanza.

MamaMapazia
Kwa hilo nakubali mzee. Bure haina mpinzani.

BintiGungu
Na kijiti kilichopinda nafanyaje mzee?

MzeeWaUzi
Nimefungua kopo langu la vifungo. Vipo viwili, kimoja kina kutu kidogo ila kinazunguka. Mjukuu wangu anapanda treni kuja Kigoma wiki ijayo kwa shangazi yake, niandikie inboksi utakapokutana naye. Usikijaze uzi mpaka ukavimba, hautaingia mtumbwini.