Potifolio ya usaili wa usanifu wa michoro: kitabu, PDF, tovuti au Behance?

Kalamu_Nyeusi (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nimeitwa kwenye usaili wa usanifu wa michoro, sehemu inayoshughulika zaidi na nembo na vifungashio. Wameandika tu "njoo na kazi zako", hawakusema kwa namna gani. Ninazo kazi za kutosha: nembo, maboksi, mabango, matangazo ya mitandao ya kijamii na skrini kadhaa za programu ya simu. Ninapima njia nne:

1. Kitabu kilichoprintiwa, A3 au A4
2. PDF kwenye kompyuta mpakato
3. Tovuti yangu mwenyewe
4. Ukurasa wa Behance (mtandao wa wasanifu kuonyeshea kazi zao), ambao tayari ninao

Ipi inafaa? Tafadhali msinijibu "zote", muda hauruhusu.

Msomi_wa_Gridi

Behance itoe kwenye hesabu ya siku ya usaili. Si mbaya, ila kazi yake ni nyingine. Ilianzishwa 2005, Adobe wakainunua 2012, na imejengwa ili watu wazurure humo. Chini ya kazi yako zinapangwa kazi za wengine, na msaili akiteremka kidogo tu anakutana na mtu mkali kuliko wewe. Ya nini kumpeleka mteja hadi mlango wa duka la jirani? Iache imvute mwajiri akuite, akishakuita, kazi ya Behance imekwisha.

Dribbble, mtandao mwingine wa aina hiyo, ndiyo kabisa. Ile ilianza na vijipicha vya pikseli 400 kwa 300, na tabia hiyo haijaitoka: uso unaonekana, fikra nyuma yake haionekani.

Kwa zilizobaki, mimi kura yangu PDF.

DadaRangi

Napinga. Kaka, umesema vifungashio. Kifungashio ni kitu cha kushikwa! Dhahabu ya kubandika kwa joto, maandishi yaliyoinuliwa, mkunjo wa boksi, rangi maalumu ya Pantone (wino uliochanganywa tayari kwa namba yake), hivyo vyote kwenye skrini vinakuwa picha ya kitu, si kitu chenyewe. Halafu skrini inatengeneza rangi kwa mwanga. Kuna machungwa na kijani kinachong'aa pale ambacho wino nne za printa hazikifikii hata uombe vipi. Anayeajiri mtu wa vifungashio anataka kujua kama hilo unalifahamu, na namna ya haraka ya kumwonyesha ni kuweka boksi mezani.

Kwa hiyo printi. Ila siyo A3. A3 ya wima ukiifungua kurasa mbili inakuwa A2, milimita 594 kwa 420, na meza yenye watu watatu, glasi za maji na makaratasi yao haina nafasi hiyo. A4 ikifunguliwa ni A3, inatosha.

Msomi_wa_Gridi

Dada, hapo kwenye boksi nakubali. Lakini ana skrini za programu ya simu pia. Hizo utaziprinti?

DadaRangi

Hizo ningeziacha nyumbani. Kazi aliyoitiwa si hiyo.

Upande_wa_Meza

Naandika kama mtu ninayekaa kwenye jopo. Mnabishana kuhusu chombo, ngoja niwaambie kinachotokea chumbani.

Tofauti kubwa ya hizi njia ni nani anashika mwendo. Kwenye tovuti mwendo ni wa msaili: anaruka, anateremka, anabonyeza asichotakiwa. Kwenye kitabu mnagawana, kwa sababu ukikiweka mezani daima kuna mmoja atakayefunua ukurasa wa mbele wakati wewe bado unaeleza wa nyuma, na huwezi kumkataza. Kwenye PDF mwendo ni wako. Unabonyeza, unanyamaza, wanatazama, unaeleza. Mtu mwenye wasiwasi PDF inamsaidia sana. Mtu mwenye mazungumzo, anayeweza kufuata swali popote liendapo, kitabu au karatasi zilizotengana humfaa zaidi, kwani jopo hulegea likishika kitu mkononi.

Sasa ndani yake. Kazi 8 hadi 10, basi. Tukiona 20, tunachojifunza ni kwamba hujui kuchagua, na kuchagua ni nusu ya kazi tunayokuajiria. Ya kwanza iwe nzito, ya mwisho iwe nzito, maana ndizo tunazozikumbuka tukibaki wenyewe. Katikati usiweke mbili zinazofundisha kitu kimoja: nembo tatu za duara ni nembo moja.

Kila kazi ibebe maneno machache: mteja alikuwa na tatizo gani, nini kilikubana (muda, rangi mbili tu, printa duni), wewe ulifanya lipi. Hilo la mwisho tunalifukuzia. Mtu anasema "tulifanya, tulifanya", nasi tunabaki kuuliza wewe ulishika wapi. Kama mpiga picha alikuwa mwingine, mwandike. Haikupunguzii kitu. Na chumbani kuna mtu anayeijua ile kampeni, amini usiamini.

Weka pia kazi moja yenye njia yake yote: michoro ya penseli, matoleo yaliyokataliwa, na sababu ya kukataliwa. Moja tu, kwa kirefu. Hapo ndipo usaili unageuka mazungumzo, tunaacha kuuliza maswali ya kwenye karatasi.

Na hizo mokapu jamani, zile picha za kubandika nembo kwenye kikombe, fulana na mfuko. Tunazitambua, zinatumiwa na watu wote. Moja inasaidia kuonyesha ukubwa. Sita mfululizo ni kujaza kurasa.

Mzee_wa_Herufi

Nyongeza ndogo. Potifolio yenyewe isiwe na mapambo. Fonti moja, mbili zikizidi, nafasi nyeupe ya kutosha. Na mpe mtu mwingine asome tahajia. Msanifu anayekosea jina la mteja kwenye ukurasa wa mteja huyo, mimi simwiti mara ya pili hata awe na mkono wa malaika.

Kalamu_Nyeusi

Asanteni, hasa @Upande_wa_Meza. Maswali mawili. Kazi moja nzuri kuliko zote iko chini ya mkataba wa usiri, bidhaa haijatoka. Nifanyeje? Pili, boksi mbili ni za kujitungia, hazina mteja. Ziingie?

Upande_wa_Meza

Ya usiri usiionyeshe, hata kwa kunong'ona, hata ukifuta jina. Sisi tukiona unaonyesha siri za mwajiri wa jana tunajua za kwetu zitaonyeshwa kesho. Unaweza kuomba ruhusa ya maandishi kutoka kwa mteja. Akikataa, taja kwamba ipo na itaonekana bidhaa ikitoka.

Za kujitungia ziingie, mradi uandike wazi kuwa ni za kujitungia na ujiwekee masharti kama ya kweli. Ila kuichukua nembo ya kampuni kubwa na "kuirekebisha" bila kujua kwa nini ipo vile, hapo nashauri uache. Anayeianza bidhaa isiyokuwepo, akaamua bei yake iwe ya chini na boksi liprintiwe kwa rangi moja, ananifurahisha zaidi.

Pili_wa_Pikseli

Naona tovuti imekosa mtetezi. Kwa anayeomba kazi ya skrini, programu za simu au kurasa za intaneti, tovuti au mfano unaobonyezeka wa Figma (programu ya kusanifu skrini) unaipita PDF mbali, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kubonyeza. Kumwonyesha mtu picha tuli ya kitufe ni kumsimulia wimbo.

Na hata kwako wewe wa maboksi, tovuti ya ukurasa mmoja ina faida kabla ya usaili: wanajopo wengine hukutazama kwenye simu wakiwa njiani. Ijaribu kwenye simu kabla hujatuma kiungo, na uhakikishe inafunguka haraka. Siku yenyewe usiitegemee intaneti ya watu. Nywila yao huwa anayo mtu mmoja, naye hayupo.

Fundi_Mafaili

Kwa upande wa PDF, maana naona itatumika tu kwa namna moja au nyingine:

Ya kuonyesha iwe ya kulala, uwiano wa 16:9, pikseli 1920 kwa 1080, ijae skrini bila kuacha mikanda myeusi. Ukichukua kurasa za A4 za wima ukazirusha kwenye projekta, zaidi ya nusu ya ukuta itabaki tupu. Projekta pia inameza rangi hafifu: kijivu chepesi juu ya nyeupe hakitaonekana, hivyo ongeza tofauti ya rangi.

Ya kutuma iwe nyingine, nyepesi. Gmail inaishia MB 25 kwa barua, na kiambatisho huvimba kama theluthi moja kinaposafiri, kwa hiyo MB 25 zako si 25. Mimi hulenga 10. Picha za skrini hazihitaji nukta 300 kwa inchi, hizo ni za kuprinti.

Ya kuprinti ni ya tatu: rangi za CMYK (zile wino nne za printa), nukta 300 kwa inchi, na milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa.

Zote tatu zifungashwe fonti ndani. PDF ni kiwango cha kimataifa (ISO) tangu 2008, inafunguka karibu kila mahali, lakini fonti isiyofungashwa hubadilishwa na nyingine na mpangilio wako unaharibika mbele ya macho yako. Kazi zinazosogea peleka kama video pembeni, usizitie ndani ya PDF. Na jina la faili liwe jina lako, siyo "mwisho_kabisa_3".

Kalamu_Nyeusi

Basi nimeamua hivi. Maboksi matatu halisi mezani, karatasi za A4 za kazi 8, na PDF ya kulala kwenye kompyuta kama wakitaka kuona mabango kwa ukubwa. Skrini za simu nimezitoa zote isipokuwa moja iliyokwenda pamoja na kifungashio. Tovuti baadaye.

Swali la mwisho kwa @DadaRangi: nizishone ziwe kitabu, au niache karatasi zimetengana?

DadaRangi

Ziache zimetengana, kwenye boksi bapa lenye kifuniko. Usaili ujao utatoa mbili, uingize mbili, bila kuprinti upya. Pia jopo likitaka kulinganisha kazi ya kwanza na ya tano, zinalazwa pamoja mezani, kitabu hakiwezi hilo. Karatasi iwe nene, gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, isijikunje ikishikwa. Na andika namba ndogo kwa penseli nyuma ya kila moja, kwa sababu zikizunguka meza zitarudi kwako zimechanganyika.