Mjadala: Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) itoe ruzuku kwa jumuiya za baskeli za kushirikiana?

Mleta hoja, Kikwajuni

Assalaam aleikum. Nifafanue kwanza, maana kila nikilitaja jambo hili barazani, watu hudhani nasema baskeli wanazokodishwa watalii Paje na Jambiani. Sizo. Nasema baskeli za vituoni: unaifungua kwa simu Michenzani, unaiacha Mnazi Mmoja, anapanda mwengine. Katika miji kadhaa ya nje, anayeziendesha ni jumuiya isiyotafuta faida, na serikali huitilia mkono kwa sababu nauli haitoshi kulipa gharama.

Mimi nasema na yetu itoe, lakini si kwa kununua baskeli. Itoe kwa kuzitengeneza.

Tazameni Marekani. Jumuiya ya Denver ilianza 2010, Januari 2020 ikafunga. Minneapolis nako Nice Ride ilianza mwaka huohuo wa 2010, kwa fedha za serikali kuu na udhamini wa kampuni ya bima ya afya. Mdhamini alipojitoa, 2023 mambo yakaisha. Kununua baskeli hakukuwashinda hao. Shida ni kwamba ruzuku ya kuanzia hupatikana kwa urahisi, watu wakapiga picha na mheshimiwa, kisha kila mwaka kuna tairi, kuna mishahara, kuna gari la kuzihamisha baskeli kutoka kituo kilichojaa hadi kilicho kitupu. Hapo wafadhili hawaonekani.

Montréal, Kanada, ni kisa chengine. Kampuni iliyokuwa nyuma ya BIXI, iliyoanza 2009, ilizidiwa na madeni mpaka ikaomba hifadhi ya mufilisi Januari 2014. Jiji likazichukua baskeli, likaikabidhi kazi jumuiya isiyotafuta faida na kuendelea kuchangia. Bado zinakwenda. Kwa hiyo linalonihangaisha si kutoa au kutotoa. Ni nani atalipa mwaka wa tatu.

Fundi, Mwanakwerekwe

Umenena, ila hujaitaja chumvi. Baskeli ikilala nje Forodhani, upepo wa bahari hauulizi ya nani. Mnyororo usiotiwa mafuta unakuja kwangu mwekundu, ukiushika unakuachia unga vidoleni. Spoku nazo zinakatika moja moja. Na vituo vyenyewe, vyenye waya na skrini, mimi sina la kusema, lakini mvua za masika zitakuwa nalo.

Pancha yenyewe muijue: nauzamisha mpira kwenye beseni, natafuta mapovu, nasugua kwa msasa, natia gundi, nasubiri ikauke, ndipo kiraka. Ukiniletea ishirini kwa siku sitofanya kazi nyengine.

Wa Wete

Jamani, kila jambo Mjini, Mjini! Kikwajuni tambarare, mnateleza tu. Huku kwetu Pemba ni milima na mabonde. Mtoto wa skuli anaisukuma baskeli kupanda, kisha anateremka breki mkononi akiomba Mungu. Fedha zikiwepo, mpeni yule mtoto baskeli yake mwenyewe, asubuhi aende skuli, jioni baba yake apakie ndizi. Ya kushirikiana itamfaa mfanyakazi wa ofisi anayekwenda kula chakula cha mchana Darajani.

Mhasibu mstaafu

Naona mnapita mbali na langu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikishwa kuwa haitafuti faida hakuifanyi jumuiya isile fedha. Mwenye duka la kukodisha analipa leseni na kodi. Leo umletee jirani anayekodisha kwa bei ya chini kwa fedha za kodi hiyohiyo, utamwambia nini? Mimi napinga, mpaka nione hesabu zimebandikwa kwa sheha kila mwezi.

Mama wa watatu, Jang'ombe

Na sisi wa mabuibui? Mimi hupanda, lakini ya mwanangu haina kifuniko cha mnyororo, mara mbili pindo limeniingia na nikaanguka mbele ya watu. Zikija za chuma cha juu, za kiume, hesabuni nusu ya mji nje. Pia njia: pale Darajani daladala zikisimama, baskeli inapita wapi?

Mleta hoja, Kikwajuni

Wa Wete, nakubali, na naiondoa Pemba kwenye hoja yangu. Huko ruzuku ya baskeli ya mwanafunzi ina maana zaidi. Mhasibu, hesabu kwa sheha naichukua kama ilivyo, na mwenye duka asiachwe nje: naye aruhusiwe kuomba kazi ya matengenezo. Bi wa Jang'ombe, kifuniko cha mnyororo na fremu ya chini viwe sharti la kwanza kwenye mkataba, kabla hata ya rangi.

Lakini sirudi nyuma kwenye moja. Tuanze na baskeli chache, vituo vitatu vinne baina ya Michenzani na Mnazi Mmoja, na ruzuku ilipwe kila robo mwaka kwa idadi ya baskeli zilizo barabarani siku hiyo, si zilizonunuliwa. Iliyolala imeoza isilipiwe.

Fundi, Mwanakwerekwe

Sawa bwana. Na mimi nitalipwa kwa mwezi au kwa pancha?