Bagi la mchangani la kujitengenezea: nianze na fremu au nianze na nini?

Fundi Mchanga
Wakuu habari zenu. Kuna wazo linaninyima usingizi miezi mitatu sasa, nataka kutengeneza bagi la mchangani mwenyewe, yaani kile kigari cha mabomba kisicho na bodi, siti mbili, injini nyuma, la kuchezea tu kwenye mchanga na vichakani, barabarani silipeleki. Uzoefu wangu wa chuma ni mdogo, nimewahi kuchomelea meza moja (inayumba) na geti la banda la kuku. Nina mashine ndogo ya kuchomelea ya vijiti, grainda, drili, na injini ya pikipiki 200cc imekaa tu haina kazi. Fremu nimeshaichora kwenye karatasi, wikiendi hii nilikuwa naenda kununua mabomba nianze kukata.

Maswali: bomba la maji linafaa? Nalipindaje bila mashine? Na difu (gia za ekseli zinazoruhusu tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti kwenye kona) ni lazima au nitupie ekseli nzima na cheni basi? Kuhusu meza msinicheke.

mzee_wa_grainda
Hatucheki mdogo wangu, ila hiyo meza ndiyo inakwambia kila kitu. Ulichoma upande mmoja ukamaliza ndio ukahamia wa pili, si ndiyo? Chuma kikipoa kinavuta. Kwenye meza unaweka kikaratasi chini ya mguu yanaisha, kwenye bagi kinachovutwa ni masikio ya kushikia saspensheni na gari litatembea upande kama kaa. Shikiza fremu NZIMA kwanza kwa vinukta vidogo, pima kona kwa kona kwa futi, ulalo huu na ulalo ule vilingane, halafu choma kidogo hapa, nenda upande wa pili choma kidogo, rudi.

Lakini kubwa kuliko yote, mabomba usinunue wikiendi hii. Mimi nilinunua. Nilitengeneza fremu nzuri watu wakaja kupiga nayo picha, siku naleta injini giaboksi inagonga bomba la nyuma, nikakata nikasogeza, ikawa siti imekwenda mbele magoti yanagusa usukani, nikakata tena, mwisho wake ilikuwa na viraka kuliko neti ya mbu ya bwenini na nikaiuza skrepa kwa kilo. Kwa hiyo kusanya vitu kwanza: injini, rimu na tairi, habu za mbele, raki ya stelingi, shokapu, siti. Vipange sakafuni, kaa kwenye siti ukiwa na helmeti kichwani, mwambie mtu achore kwa chaki kukuzunguka. Fremu unaipata kwenye hiyo chaki, ile karatasi yako weka tu kumbukumbu.

Bomba la maji hapana. Kwanza kipimo chake kinadanganya, la inchi moja na nusu ukilipima kwa nje unakuta milimita 48, ni zito na limetengenezwa kubeba presha ya maji, sio kupinduka na mtu ndani. Halafu mengi yana zinki, na ule moshi mweupe wake ukiuvuta jioni unatetemeka homa ukadhani malaria. Tafuta bomba la chuma laini la kazi za miundo, kwa bagi dogo wengi tunatumia la nje milimita 38 ukuta 3 kwenye kizimba (mabomba ya kukukinga gari likipinduka) na mihimili mikuu, na 25 kwa 2 kwenye mikingamo.

SpanaKumi
Naunga mkono hapo kwa kununua vitu kwanza. Suala la difu: kwenye mchanga ekseli nzima inakubali kwa sababu tairi zinateleza zenyewe, ila kwenye udongo mgumu utakata kona usukani umeukunja wote na gari linaenda moja kwa moja, tairi mbili za nyuma zinalisukuma mbele. Unazoea lakini usije ukasema hukuambiwa.

Tatizo la injini ya pikipiki wala sio difu, ni rivasi. HAINA. Umeingia kwenye shimo la mchanga pua imegusa ukuta, unashuka unalisukuma kinyumenyume, bagi la kilo mia tatu na kitu, peke yako, jua la saa saba. Kama bado hujafunga ndoa na hiyo injini angalia ya bajaji, giaboksi yake ina rivasi na difu humo humo. Nguvu ndogo, ndiyo, lakini kwa mradi wa kwanza nguvu ndogo ni rafiki yako.

Ukibaki na cheni sikiliza hapa kwa makini maana wengi wanakosea: ule mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, egemeo lake liwe karibu iwezekanavyo na sproketi ya injini. Ukiliweka mbali, kila ukiruka tuta cheni inakaza kisha inalegea, itaruka au itakatika. Na kama injini ni ya kupozwa na upepo kumbuka kwenye pikipiki ilikuwa inapigwa na upepo mbele, sasa umeificha nyuma ya migongo ya watu wawili, weka feni au mkondo wa kuiletea hewa.

BitoLaZamani
Mbona mnamtesa kijana? Atafute Volkswagen Beetle iliyooza bodi, atoe bodi, abaki na sakafu yake. Saspensheni ipo, stelingi ipo, breki zipo, giaboksi ina rivasi, injini ya upepo iko nyuma tayari na feni yake. Bruce Meyers mwenyewe, yule Mmarekani aliyebuni bagi la Meyers Manx, mwanzoni mwa miaka ya 60 alijaribu kuunganisha bodi na chasisi kipande kimoja ikawa kazi na gharama, ndio baadaye Meyers Manx ikawa bodi ya faibaglasi ya kukalisha juu ya sakafu ya Beetle.

SpanaKumi
Mkuu umesahau kumwambia kwamba hiyo Manx sakafu ilikuwa inakatwa katikati inapunguzwa kama sentimita 36 halafu inachomelewa upya. Huyu mwenzetu meza yake inayumba.

BitoLaZamani
Haha haya. Asikate basi, aache urefu wake wa sentimita 240, atapoteza kidogo kwenye kupanda vilima vikali, tumbo litagusa kileleni, ila atakuwa anaendesha wakati nyie bado mnapima ulalo kwa ulalo.

dadaWelda
Mmeongea yote isipokuwa kama anajua kuchoma. Kaka Fundi Mchanga, kabla ya chochote chukua vipande vya lile lile bomba utakalotumia, kata viwili, kimoja ukichonge mdomo kama wa samaki ukumbatie mwenzake vizuri. Kama huna mashine ya kuchongea unazungushia karatasi kwenye bomba, unachora mstari wa mdomo, unakata kwa grainda, unamalizia kwa tupa. Nafasi ikiwa kubwa kuliko unene wa kijiti umekosea, usijaze, kata kingine. Choma kwa kijiti cha aina ya 6013 cha milimita 2.5, anzia ampea 70 hivi upandishe taratibu. Kibane kwenye jiliwa ukipige nyundo mpaka kilale. Bomba likichanika au likikunjika kando ya mshono uko salama, ila mshono ukibanduka mzima kama kigaga basi ulipaka tu juu, haukuingia. Kingine kikate katikati uone ndani.

Halafu usisafishe chuma kwa ile dawa ya kupulizia ya breki ukachoma hapo hapo, zile zenye klorini zikikutana na mwanga wa weldingi zinatoa gesi ya fosijeni, hiyo inaua. Grainda na brashi ya waya, ukitaka kitambaa chenye asetoni kiache kikauke kabisa.

Kupinda: mashine ya kupindia ya mafundi bomba italibonyeza tumboni na kizimba kilichobonyea kinavunjikia hapo hapo. Peleka pinde kuu tu kwa mtu mwenye mashine ya kuzungushia, zingine zote fanya mabomba yaliyonyooka. Na kila penye pembe nne pawe na mkingamo wa pembe tatu, mraba unasukumika ukalala, pembetatu hailali.

Fundi Mchanga
Asanteni sana kwa kweli. Nimerudi baada ya wiki mbili. Nilifanya ya dada, vipande sita. Vinne vilibanduka kama kigaga kabisa 😂 nilikuwa nachoma na ampea 55 kwa kuogopa kutoboa. Vilivyofuata nane, kimebanduka kimoja. Injini ya bajaji nimepata, siti mbili nimepata, sebule imejaa chaki na mama watoto ameninunia. Sasa breki, nikiweka nyuma tu si inatosha kwa mchangani?

mzee_wa_grainda
Weka zote nne. Kwenye mteremko uzito unakuja mbele, za nyuma zinafunga tairi zinaburuza na gari linageuka. Pedali ipe uwiano wa kama 6 kwa 1, egemeo hadi mguu mara sita ya egemeo hadi silinda, maana huna busta ya kukuongezea nguvu ya breki. Mkanda wa pointi nne usiufunge kwenye siti, ufunge kwenye fremu. Na tairodi zako (fimbo zinazotoka kwenye raki ya stelingi kugeuza tairi) zilingane urefu na mikono ya saspensheni na zipigwe nayo mstari, la sivyo kila tuta litakugeuzia usukani lenyewe.

dadaWelda
Hicho kimoja kilichobanduka kilikuwa cha ngapi?

Fundi Mchanga
Cha nane dada. Cha mwisho.

dadaWelda
Basi ulichoka au kijiti kilinyonya unyevu. Rudia nane vingine ukiwa umelala vizuri, mabomba hayaendi popote.