Naomba ushauri: stemu fupi au usukani ulioinuka?

Habarini wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa kurekebisha baiskeli za milimani.

Fremu inaonekana ndefu kwangu. Mguu kwa ndani ni sm 81, hivyo kiti nimekiweka sm 71.5 kutoka katikati ya ekseli ya krenki (ile inayozungusha mikono ya pedeli), na urefu huo hauna shida. Shida iko mbele: stemu (kipande kinachounganisha usukani na uma wa mbele) ni mm 80, usukani ni mnyoofu wa mm 720, na baada ya saa moja viganja vinakufa ganzi na shingo inakaza. Shingo ya uma (bomba la juu la uma linaloshikwa na stemu) ilishakatwa fupi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuongeza pete chini ya stemu.

Nimejaribu kusogeza kiti mbele mm 15. Mikono ilipumua, lakini magoti yakaanza kuuma kwa mbele, nikakirudisha. Nadhani lilikuwa kosa tangu mwanzo, maana kiti hupangwa kwa ajili ya miguu, si kufupisha umbali wa mikono. Nimeshusha pia vishikio vya breki ili kifundo cha mkono kisipinde. Ganzi imepungua kidogo tu.

Maswali yangu:

Nianze na stemu ya mm 50, au usukani ulioinuka mm 30? Kinachonitia wasiwasi kuhusu stemu fupi ni gurudumu la mbele kuyumba kwenye kilima kikali.

Na nikiinua usukani, nipimeje kama mpira wa breki ya mafuta utatosha usukani ukigeuzwa hadi mwisho pande zote?