Naomba ushauri: Mama anakwenda India, atumieje ATM za huko kwa usalama?

Wakuu, habari za leo. Niko Moshi. Mama yangu anakwenda Chennai kwa matibabu, atasindikizwa na mdogo wangu. Gharama za hospitali tutatuma kwa benki, ila hela ya chakula, usafiri na dawa ndogondogo wataitoa kwa kadi ya Visa kwenye ATM.

Kinachoninyima usingizi ni namba ya siri. Hata hapa mjini mama anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, tarakimu moja moja, na aliye nyuma yake anaziona zote. Nimemfundisha kuziba kwa kiganja cha kushoto, anajitahidi. Kuna pia wezi wanaobandika kifaa kwenye tundu la kadi kinakili taarifa, na kamera ndogo juu ya vitufe. Nimewaambia watumie mashine za ndani ya benki, mchana, na walitikise tundu kwanza.

Mashine ikiuliza ikate kwa shilingi au rupia, wachague rupia, maana ikibadilisha yenyewe kiwango huwa cha kuumiza.

Wazoefu mnisaidie hapa. Ni heri kutoa nyingi kwa mkupuo kukwepa makato, au kidogo kidogo ili wasitembee na hela? Kadi ikimezwa jioni benki zimefungwa, mlifanyaje? Na laini ya Tanzania mliiacha hewani ili meseji za benki ziingie? Wanaondoka wiki ijayo, kwa hiyo hata jibu fupi litanisaidia sana.