Mzinga wa Königsberg urudi Bagamoyo?

Mwambao: Wakuu, Königsberg, manowari ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Rufiji, Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja Waingereza waliuteka hapa Bagamoyo, Agosti 1916. Leo upo mmoja Ngome ya Yesu Mombasa, mwingine Pretoria. Sisi je? Serikali idai hata mmoja, uwekwe Ngome Kongwe ya hapa Bagamoyo.

Raskazone: Ukirudi uletwe Tanga. Vita kubwa ilikuwa huku, Novemba 1914.

Mwambao: Tanga mlipiganiwa na nyuki.

Raskazone: Unawatusi marehemu. Mwingereza alikuja na watu kama 8,000, von Lettow, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, wengi askari weusi. Mizinga ya askari wa Kihindi wa Mwingereza haikushushwa hata pwani, ilipigia sitahani, miti imewaziba hawaoni shabaha. Manowari Fox nayo ikapiga, kombora likaangukia hospitali. Nyuki waliuma pande zote. Waliomrudisha adui melini ni watu.

Mdigo Halisi: Lakini nyuki walikuwepo, wazee wametusimulia.

Raskazone: Nani kakataa? Soma kwanza, ndugu yangu.

Mtoto wa Mjeshi: Mnagombea chuma cha Mjerumani! Baba yangu alikuwa kikosi cha mizinga JWTZ, vita ya Kagera. Zile BM-21, mitambo ya roketi juu ya malori, zina mirija 40, zikifyatuliwa usiku hakuna anayelala. Waganda waliziita saba saba. Mzee mpaka anafariki sikio la kushoto lilikuwa limekufa, ukimwamkia lazima uzunguke kulia. Kumbukumbu yao ianze.

Mwambao: Mungu amrehemu. Ila wa Kagera wana makaburi Kaboya, na kila Julai 25 wanakumbukwa. Wapagazi waliokokota ile mizinga porini wana nini?

Mtoto wa Mjeshi: Usinijibu kwa Kaboya. Kule wamelala waliokufa vitani. Aliyerudi kiziwi akalima mihogo yake Pongwe, nani anamjua?

Mdigo Halisi: Hapo umesema kweli.

Raskazone: Basi tudai majina, siyo vyuma. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikakiri Waafrika wengi waliokufa upande wa Mwingereza hawakuandikwa popote. Na waliombebea Mjerumani, Berlin imeshasema nini?

Mtoto wa Mjeshi: Berlin ni mbali. Mimi nauliza hapa nyumbani: waliorudi hai wataandikwa lini?