Kompyuta ya Baba kule Kuze: "irq 16: nobody cared"

Kutoka: Leicester

Assalaam aleikum jamaa. Ile kompyuta ya mezani niliyomtilia Baba kwenye kontena imefika Kuze, Mombasa, salama, ina Linux, lakini akiongea na wajukuu kwa video kwa muda, mausi huanza kurukaruka na kibodi kuchelewesha herufi. Akiizima na kuiwasha hutengenea, kisha yale yale. Mdogo wangu ameipiga picha skrini: "irq 16: nobody cared", chini yake "Disabling IRQ #16", pamoja na ushauri wa kuwasha kwa irqpoll, neno la kutia kwenye amri za kuwashia Linux. Kuingia kwenye mashine kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, naweza. Niitie hiyo irqpoll, au mdogo wangu akanunue mausi nyingine Digo Road? Mchana Baba hana wa kumsaidia, na roho yaniuma.

Kutoka: Tudor

Waaleikum salaam, dada. Mausi ni nzima, pesa yako iweke. Na irqpoll usiitie kabla hujamjua mkorofi.

Intarapti ni kifaa kuiita prosesa: nina jambo, nisikilize. Kwa mtindo wa PCI ya zamani, ile njia ya kuunganisha kadi na mashine, vifaa kadhaa hutumia laini moja ya kuitia; namba ya laini ndiyo IRQ. Laini 16 ikiita, kerneli (kiini cha Linux) huziuliza draiva zote, yaani programu za kuendesha vifaa, zilizojiandikisha hapo, na kila moja hujibu kama kifaa chake ndicho kilichoita. Zote zikikana na laini bado imeshikiliwa, mwito hurudi papo hapo, tena na tena. Kerneli huhesabu: katika miito 100,000, zaidi ya 99,900 ikikosa mwenyewe, huifunga laini nzima ili mashine isizame. Baada ya hapo huzichungulia draiva hizo mara 10 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mausi ya Mzee haifi bali yaruka. Ni mpangaji aliyekatiwa maji kwa bomba la jirani.

Sasa tazama majina yaliyo chini ya neno "handlers" kwenye logi, yaani daftari la matukio ya mashine. Wengi huyasoma kama orodha ya wahalifu. Hao ni walioulizwa wakakana, basi. Mhalifu aweza kuwa miongoni mwao, au akawa kifaa kisicho na draiva kabisa, kwa hiyo hakuna wa kukijibia.

Ingia mashine ikiwa imeshaharibika, uniletee matokeo ya journalctl -k (logi ya kerneli) na lspci -vv (orodha ya vifaa). Kama wameshaizima, tumia journalctl -k -b -1 usome logi ya mwasho uliotangulia, mradi mashine inahifadhi logi zake. Katika lspci tafuta kila kifaa chenye IRQ 16, uone kama kina mstari wa "Kernel driver in use" na kama MSI, njia mpya ya kuita, imeandikwa Enable+ (imewashwa) au Enable- (imezimwa). Kifaa kinachotumia MSI hutuma mwito wake kwa kuandika kwenye kumbukumbu na hakishiriki laini na mtu. Hicho kiondoe kwenye shaka. Kisha mkiwasha upya, soma faili la /proc/interrupts, lenye hesabu ya miito ya kila laini, kabla ya video na wakati wa video, uone hesabu ya 16 yapanda vipi.

Utakuta mtandaoni watu wanakushauri pci=nomsi, ya kuzima MSI. Tafadhali usiiguse. Inawarudisha wote kwenye laini za kushirikiana, na shida yako ni huko huko kushirikiana.

Kutoka: Leicester

Ahsante sana, kaka. Kwenye 16 wako wawili: kidhibiti cha USB, na kadi ya sauti ya PCI ya zamani iliyo nyuma ya chipu ya daraja. Zote zina draiva. Hesabu yapanda kwa kasi sauti ikianza tu, Baba akiwa kimya hutulia.

Kutoka: Tudor

Basi macho yangu yako kwenye daraja hilo. Daraja huiunganisha kadi ya PCI ya zamani na PCI Express, ile mpya, na katika PCI Express laini hizi si waya tena. Daraja hutuma ujumbe wa kuinua laini na mwingine wa kuishusha. Ule wa kushusha ukipotea, laini huonekana imeinuliwa daima, ilhali kadi yenyewe imeshanyamaza, na draiva yake yakana kwa haki kabisa. Yako madaraja yanayojulikana kwa tabia hiyo.

Mashine ina sauti ya mazabodi, yaani ya ubao mkuu wenyewe? Kama ipo, mdogo wako achomoe umeme, abonyeze kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, aitoe kadi na kuliziba tundu lake la nyuma, maana upepo wa chumvi wa Mji wa Kale hula shaba. Miguu ya kadi zinazobaki aifute kwa spiriti ya isopropili, zikauke kabla ya kuwasha. Kisha uchague sauti ya mazabodi kwenye mipangilio.

Kama Mzee hana budi kubaki na kadi ile, hapo ndipo irqpoll ina nafasi. Kila intarapti isiyo na mwenyewe, kerneli itaziuliza draiva za laini zote. Mashine itakwenda, lakini nguvu ya prosesa italika, na video yenyewe yataka nguvu hiyo.

Nanyi mnaojaza kontena: kabla ya kufunga kisanduku, endesheni lspci na mwone kama kuna kadi ya PCI nyuma ya daraja. Kuitoa Leicester ni rahisi kuliko kumwelekeza mtu kwa simu.

Kutoka: Leicester

Sauti ya mazabodi ipo. Mdogo wangu ataitoa kadi leo baada ya isha, kisha Baba apige video na wajukuu huku mimi naitazama 16. Nitaleta logi.